Kisawe Kimoja Kati ya Vingi: Kuchagua Tafsiri Katika Kamusi ya Kihispania na Kiingereza

Kamusi ya Kihispania na Kiingereza inapofunguliwa kwenye neno *time*, jibu halitoki moja. *Tiempo*, *hora*, *vez*, *rato* na *época* yamepangwa chini ya kidahizo kimoja, na kila moja ni sahihi mahali pake. Anayetaka kujua saa ngapi atahitaji *hora*, kama katika *¿Qué hora es?* Anayehesabu mara tatu atasema *tres veces*. Asiye na muda atasema *no tengo tiempo*, na anayesimulia zama za wafalme atatumia *época*. Mtafutaji anayechukua neno la kwanza kwa sababu tu limeandikwa mwanzo ataandika sentensi ambayo Mhispania ataisoma mara mbili bila kuielewa.

Orodha ya visawe ni orodha ya uwezekano. Kinachoamua ni sentensi: nani anasema, anazungumzia nini, na neno limezungukwa na maneno gani. Kuchagua kisawe, basi, ni kulinganisha ushahidi wa sentensi na alama zilizomo ndani ya kamusi mpaka libaki neno moja, au machache yanayoweza kubadilishana. Kwa msomaji wa Kiswahili kazi hii ina uzito wa pekee. Kihispania ni lugha rasmi ya nchi 20, Guinea ya Ikweta ikiwa miongoni mwao, na kimo pamoja na Kiswahili katika orodha ya lugha rasmi za Umoja wa Afrika iliyowekwa kwa itifaki ya mwaka 2003. Hata hivyo mwanafunzi, mfasiri au mwongoza watalii wa Arusha au Zanzibar anayejifunza Kihispania kwa kawaida hukifikia kupitia kamusi ya Kiingereza. Anapita kwenye lugha tatu, na kila kivuko kinaweza kupoteza sehemu ya maana.

Muundo wa kitomeo

Kamusi za mwanzo za lugha hizi mbili zilimwachia msomaji sehemu kubwa ya mzigo. Richard Percyvall alichapisha ya kwake London mwaka 1591, na John Minsheu akaipanua mwaka 1599. Katika kamusi za zama hizo neno la Kihispania lilifuatwa na msururu wa maneno ya Kiingereza, mara nyingi bila kuonyeshwa lipi linafaa wapi. Kamusi kubwa za karne ya 20, kama ile ya Collins iliyotoka mwaka 1971 na ya Oxford ya mwaka 1994, ziliongeza viashiria vingi zaidi. Kitomeo cha kisasa huonyesha aina ya neno, jinsia ya nomino, nambari zinazotenganisha maana, dokezo fupi la maana, uwanja wa matumizi kama sheria au tiba, nchi ambako neno linatumika, daraja lake la lugha, na sentensi za mfano.

Dokezo la maana ndilo msaada mkubwa kuliko vyote, na ndilo linalorukwa zaidi. Chini ya *bank*, dokezo linalotaja fedha huelekeza kwenye *banco*, na linalotaja mto huelekeza kwenye *orilla*. Chini ya *match*, dokezo la moto hupeleka kwenye *fósforo* au *cerilla*, na dokezo la michezo hupeleka kwenye *partido*. Alama za uandishi nazo zina kazi. Katika kamusi nyingi, visawe vilivyotenganishwa kwa koma vinakaribiana kiasi cha kuweza kubadilishana, ilhali nukta mkato au nambari mpya hutangaza kuwa maana imebadilika. Vifupisho hivi vyote hufafanuliwa kwenye kurasa za mwanzo za kamusi. Dakika chache zinazotumika kuzisoma kurasa hizo hulipa kila siku kitabu kinapofunguliwa.

Umbo la msingi na mpangilio wa herufi

Kabla ya kuchagua kisawe lazima neno lenyewe lipatikane. Kihispania hunyambua vitenzi vyake kwa njeo na nafsi, na kamusi huorodhesha umbo lisilo na nafsi pekee, linaloishia na *-ar*, *-er* au *-ir*. Anayekutana na *supe* anapaswa kutafuta *saber*, na anayekutana na *hizo* atafute *hacer*. Umbo *fui* ni la vitenzi viwili, *ser* na *ir*: linaweza kuwa “nilikuwa” au “nilikwenda”, na sentensi pekee ndiyo itakayosema ni lipi.

Mtego mkubwa uko kwenye maumbo yanayofanana kwa tahajia lakini ni ya aina tofauti za maneno. *Traje* ni suti, na pia ni “nilileta”. *Vino* ni mvinyo, na pia ni “alikuja”. *Como* ni “kama”, na pia ni “ninakula”. *Nada* ni “hakuna kitu”, na pia ni “anaogelea”. Katika Kiingereza, *left* ni upande wa kushoto au ni “aliondoka”, na *saw* ni msumeno au ni “aliona”. Kwa hiyo swali la kwanza ni la aina ya neno. Je, katika sentensi hii neno linafanya kazi ya nomino, kitenzi, kivumishi, kihusishi au kiunganishi? Jibu hilo hufuta nusu ya kitomeo mara moja.

Alama za juu ya herufi si mapambo. *Si* ni “ikiwa” na *sí* ni “ndiyo”. *Papa* ni kiazi au Baba Mtakatifu, na *papá* ni baba mzazi. *Año* ni mwaka; bila kijialama chake, *ano*, ni njia ya haja kubwa. Herufi *ñ* ina mahali pake baada ya *n* katika alfabeti. Katika kamusi za zamani *ch* na *ll* nazo zilihesabiwa kuwa herufi kamili, hivyo *chico* lilikuja baada ya maneno mengine yote ya *c*. Mwaka 1994 akademia za lugha ya Kihispania zilikubaliana kuacha mpangilio huo. Anayetumia kamusi iliyochapishwa kabla ya hapo akumbuke hilo, asije akadhani neno halimo.

Kusoma na kuandika

Mwanaisimu wa Kirusi Lev Shcherba, katika kazi yake ya mwaka 1940 kuhusu nadharia ya kamusi, alisisitiza kuwa mtu anayetaka kuelewa lugha ngeni na mtu anayetaka kujieleza kwa lugha hiyo wana mahitaji tofauti. Tofauti hiyo huonekana wazi katika kamusi yenye pande mbili.

Anayesoma ana sentensi kamili mbele yake. Kazi yake ni kuangalia majirani wa neno. Kitenzi *quedar* ni mfano mzuri. *Quedan tres días* ina nomino ya muda, na maana yake ni kwamba zimebaki siku tatu. *Quedamos a las ocho* ina saa, na maana yake ni kuahidiana kukutana saa mbili. *El museo queda lejos* inahusu mahali: makumbusho iko mbali. *El vestido te queda bien* inahusu nguo: gauni limekukaa vizuri. *Se quedó en casa* ina kiambata *se*, nayo yasema kuwa alibaki nyumbani. Msomaji akishatambua kama jirani ni muda, saa, mahali, nguo au *se*, nambari sahihi ya kitomeo huwa imejitenga yenyewe.

Anayeandika yuko mahali pagumu zaidi, kwa sababu sentensi ya Kihispania bado haipo. Visawe vyote vinaonekana vinafaa, na hana sikio la lugha la kumwonya. Anahitaji kuanza na maana iliyo bayana kabisa, aiseme kwa maneno mengine, kisha aipeleke kwenye kitomeo. *Become* huonyesha ugumu huo. Kihispania hakina kitenzi kimoja cha kubeba maana zake zote. *Hacerse* hutumika kwa hali inayofikiwa kwa hiari au juhudi, kama kuwa daktari au kubadili dini. *Ponerse* ni kwa hali ya kupita, kama kuingiwa na huzuni au kuiva uso kwa aibu. *Volverse* ni kwa badiliko zito la tabia au akili, kama kuwa mwendawazimu. *Convertirse en* huja na nomino ya kile ambacho kitu kimegeuka kuwa. *Quedarse* ni kwa hali inayobaki baada ya jambo kutokea, mara nyingi hasara, kama kupofuka au kufiwa na mume. *Llegar a ser* husisitiza safari ndefu mpaka cheo au hadhi fulani. Aliyejiuliza kwanza badiliko hilo ni la namna gani hatapapasa kati ya visawe hivi sita.

Maana iliyotamkwa kwanza kwa Kiswahili

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana hazina ambayo mara nyingi haitumii. Kwa kuwa kamusi iko kwa Kiingereza, yeye huhamisha wazo lake kwenye Kiingereza na kuanza kutafuta kutoka hapo, ingawa mara nyingi Kiswahili na Kihispania hutenganisha mambo ambayo Kiingereza huyachanganya. *Ask* ni neno moja; Kiswahili kina kuomba na kuuliza, na Kihispania kina *pedir* na *preguntar* kwa mgawanyo uleule. *Leave* ni moja. Kiswahili kina kuondoka na kuacha, na Kihispania kina *irse* na *dejar*. *Play* ni moja. Kiswahili hucheza mpira lakini hupiga gitaa, na Kihispania nacho husema *jugar al fútbol* lakini *tocar la guitarra*. *Time* lenyewe hugawanyika kwa urahisi kwa anayefikiri kwa Kiswahili: saa, mara, muda na zama.

Wakati mwingine Kiingereza huhitaji maneno kadhaa pale ambapo lugha hizi mbili zina moja. *Anteayer* ni juzi. *Madrugar* ni kudamka. *Tuerto* ni mwenye chongo. *Dedo* ni kidole, cha mkono au cha mguu, bila kujali mpaka ambao Kiingereza huuweka. *Tengo hambre* na *tengo veinte años* hufuata njia ya Kiswahili hatua kwa hatua: nina njaa, nina miaka ishirini. Kitenzi *gustar*, kinachowasumbua wanafunzi wanaotoka kwenye Kiingereza, hutulia mara kinapolinganishwa na kupendeza: *me gusta el café* ni “kahawa inanipendeza”, na kinachopendwa ndicho kiima.

Katika nafsi ya pili faida ni kubwa vilevile. *You* ya Kiingereza haionyeshi mmoja au wengi. Kiswahili hutenganisha wewe na nyinyi, na Kihispania huenda mbali zaidi: *tú* kwa mmoja aliye karibu, *usted* kwa mmoja anayepewa heshima, *ustedes* kwa wengi, na nchini Hispania *vosotros* kwa wengi walio karibu. Argentina, Uruguay na sehemu kubwa ya Amerika ya Kati hutumia *vos* badala ya *tú*. Mtu aliyelelewa kumwamkia mkubwa kwa shikamoo hapati tabu kuelewa kwa nini *tú* kwa mzee asiyemjua huweza kuonekana ni utovu wa adabu, ingawa kamusi humpa maneno yote mawili chini ya *you*.

Lakini Kiswahili nacho kina mahali kinapochanganya. Samaki aliye majini ni *pez*, na aliyevuliwa kwa ajili ya kuliwa ni *pescado*. Sikio linaloonekana ni *oreja*, na la ndani, lenye kusikia, ni *oído*. Mguu wa mtu ni *pierna*, wa mnyama au wa meza ni *pata*, na sehemu inayokanyaga ni *pie*. Kona inayoonekana kutoka nje, kama ya mtaa, ni *esquina*, na pembe ya ndani ya chumba ni *rincón*. Upande mwingine, *tío* humfunika mjomba, ami, baba mkubwa na baba mdogo kwa pamoja, na anayetafsiri kuja Kiswahili lazima atafute katika matini ni ndugu wa baba au wa mama. Kanuni inayotoka hapa ni kuitaja maana kwa Kiswahili kwanza, kuitafuta kamusini kwa Kiingereza, kisha kupima kila kisawe kwa lugha zote mbili.

Kisawe na sarufi yake

Kisawe kilichochaguliwa vizuri bado kinaweza kuharibika kikitolewa kamusini bila sarufi yake. Jinsia ya nomino ni ya kwanza. *El capital* ni mtaji, *la capital* ni mji mkuu. *El orden* ni mpangilio, *la orden* ni amri. *El cura* ni padri, *la cura* ni tiba. *El frente* ni mstari wa mbele wa vita, *la frente* ni paji la uso. Herufi ndogo *m* au *f* inayofuata kidahizo ndiyo inayotenganisha jozi hizi.

Kiambata *se* kwenye mwisho wa kitenzi hubadili maana. *Dormir* ni kulala, *dormirse* ni kupitiwa na usingizi. *Acordar* ni kukubaliana, *acordarse* ni kukumbuka. *Parecer* ni kuonekana, *parecerse* ni kufanana. Baadhi ya vitenzi vimefungamana na kihusishi maalumu, na kamusi nzuri hukionyesha: mtu huota *con* kitu, hufikiria *en* mtu, na hutegemea *de* jambo. Anayebeba kitenzi na kuacha kihusishi ameacha nusu ya neno.

Vitenzi *ser* na *estar*, vyote viwili vikiwa chini ya *be*, hubadili hata maana ya kivumishi. *Es listo* ni mwerevu, *está listo* yuko tayari. *Es aburrido* anachosha wengine, *está aburrido* amechoshwa. *La fruta es verde* inataja rangi, *está verde* inasema bado haijaiva. Kwa mahali, mzungumzaji wa Kiswahili ana msingi mzuri, kwa kuwa “ni” na “yuko” hufanya kazi zinazokaribia za *ser* na *estar*: *es maestro*, ni mwalimu, *está en la escuela*, yuko shuleni. Msingi huo hauwezi kupelekwa mbali zaidi ya hapo bila mifano. Nafasi ya kivumishi nayo huhesabika: *un gran hombre* ni mtu mashuhuri, *un hombre grande* ni mtu mwenye mwili mkubwa.

Nchi na daraja la lugha

Lugha ya nchi 20 haiwezi kuwa na jina moja kwa kila kitu cha sokoni na barabarani. Gari ni *coche* Hispania, *carro* katika sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini, na *auto* Argentina na Chile. Kompyuta ni *ordenador* Hispania na *computadora* Mexico. Parachichi ni *aguacate* kwa wengi na *palta* Peru, Chile na Argentina. Maharage hubadilika karibu kila mpaka: *judías* au *alubias*, *frijoles*, *porotos*, *caraotas*. Basi ni *autobús*, na pia ni *camión* Mexico, *colectivo* Argentina na *guagua* Cuba. Nchini Chile *guagua* ni mtoto mchanga.

Neno moja lenye maana tofauti kwa kila nchi ni la hatari zaidi kuliko kitu kimoja chenye majina mengi. *Tortilla* ya Hispania ni kimanda cha mayai na viazi. Ya Mexico ni mkate mwembamba wa mahindi. *Manteca* ni siagi Argentina, lakini Hispania na Mexico kwa kawaida ni mafuta ya nguruwe, jambo ambalo mfasiri wa mapishi kwa wasomaji Waislamu hapaswi kulikosea hata mara moja. *Extrañar* katika Amerika ya Kilatini ni kumkumbuka kwa hamu mtu aliye mbali, maana ambayo Hispania huieleza zaidi kwa *echar de menos*, huku *extrañar* kwao likiwa zaidi na maana ya kushangaza. *Coger* ni kitenzi cha kawaida cha kushika au kupanda gari Hispania. Mexico na Argentina ni neno chafu linalohusu tendo la ndoa. Alama ya nchi iliyo pembeni ya kisawe, kwa hiyo, hubeba uzito uleule wa maana yenyewe. Mwandishi aamue mapema anamwandikia nani, na abaki na nchi hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho wa matini.

Daraja la lugha hufuata njia hiyo hiyo. Neno lenye alama ya mazungumzo ya kawaida halifai barua ya ofisi, na lenye alama ya matusi halifai popote ambapo mtumiaji hana uhakika. Vilevile neno la kitabuni mno likiingizwa kwenye mazungumzo humfanya msemaji asikike kama anasoma hukumu.

Maneno yanayofanana sura

Kihispania na Kiingereza vimerithi maneno mengi ya Kilatini, na mengi yamehama maana. *Éxito* ni mafanikio, si njia ya kutokea. *Embarazada* ni mjamzito, si aliyeaibika. *Actual* ya Kihispania ni “ya sasa”. *Asistir a* ni kuhudhuria. *Librería* ni duka la vitabu, na maktaba ni *biblioteca*. *Constipado* ni mwenye mafua. *Sensible* ni mwepesi wa kuguswa moyoni. Katika habari za uchumi, *un billón* ni milioni mara milioni, wakati bilioni ya Kiingereza cha leo na ya Kiswahili ni *mil millones*. Kosa hapo huzidisha au hupunguza fedha mara 1,000.

Gharama ya kufuata sura ya neno ilionekana kwa uchungu Florida, Marekani, mwaka 1980. Kijana wa miaka 18 kutoka familia yenye asili ya Cuba alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Ndugu zake walitumia neno *intoxicado*, ambalo kwao lilieleza mtu aliyeugua kutokana na kitu alichokula au kunywa. Likachukuliwa kuwa sawa na neno la Kiingereza linalofanana nalo, linalotumika kwa mlevi au aliyetumia dawa za kulevya, naye akatibiwa kama aliyezidisha dawa. Kumbe damu ilikuwa ikivuja ndani ya ubongo. Kijana alipooza mikono na miguu, na kesi iliyofuata iliishia kwenye malipo ya takriban dola milioni 71.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana jozi zake za namna hii, kwa sababu Kihispania na Kiswahili vyote vimekopa kutoka Kiarabu, na Kiswahili kimekopa pia kutoka Kireno, ndugu wa Kihispania. Baadhi ya jozi ni za kutegemewa. *Fulano* ni fulani. *Hasta* na “hata” zimetoka kwenye neno moja la Kiarabu, na *hasta los niños lo saben* ni “hata watoto wanalijua”. *Mesa* ni meza na *bandera* ni bendera. Nyingine hudanganya. *Tarifa* ni bei au nauli iliyopangwa, si taarifa. *Alcalde* ni meya, ingawa asili yake ni ileile ya kadhi. *Aduana* ni forodha, ingawa asili yake ni ya diwani. *Rehén* ni mateka wa watu, huku rehani ya Kiswahili ikiwa dhamana ya mali. *Pera* ya Kihispania ni peasi. Pera la Kiswahili ni *guayaba*. Kufanana kwa sura ni sababu ya kufungua kamusi, kamwe si sababu ya kuifunga.

Nahau na mafungu ya maneno

Baadhi ya maneno hayana maana ya peke yake ndani ya sentensi. *Tomar el pelo*, likivunjwa, ni kuchukua nywele. Likiwa zima ni kumfanyia mtu mzaha. *Meter la pata* ni kukosea kwa kusema au kutenda lisilofaa, *dar a luz* ni kujifungua, na *tener ganas de* ni kuwa na hamu ya jambo. Sentensi inayotoa maana ya ajabu neno kwa neno inaashiria nahau, na hapo utafutaji huanza upya. Kamusi nyingi huweka nahau chini ya nomino yake, nyingine chini ya neno la kwanza lenye uzito. *Tomar el pelo* itafutwe chini ya *pelo*, kisha chini ya *tomar*. Nahau hutafsiriwa kwa maana na hisia yake. Ikiwa Kiingereza hakina nahau inayolingana, maelezo ya wazi ni bora kuliko picha iliyolazimishwa.

Kuhakiki uchaguzi

Kisawe kilichochaguliwa huthibitishwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kukirudisha kamusini kutoka upande wa pili. Aliyetafuta *fan* akitaka kifaa cha kupoza chumba, akapata *abanico*, *ventilador* na *aficionado*, ayatazame yote upande wa Kihispania: *abanico* litarudi kama kipepeo cha mkononi, *aficionado* kama shabiki, na *ventilador* pekee kama kifaa cha umeme. Ya pili ni kamusi ya Kihispania kwa Kihispania. Akademia ya Kifalme ya Kihispania, iliyoanzishwa mwaka 1713, hutoa kamusi yake kubwa, ambayo toleo lake la 23 lilitoka mwaka 2014 na husomwa bure mtandaoni. Kamusi ya matumizi ya María Moliner, iliyotoka kati ya 1966 na 1967, husaidia zaidi anayeandika, kwa kuwa hukusanya maneno yanayohusiana na kuonyesha yanavyotumika. Kwa maneno ya Amerika ipo *Diccionario de americanismos* ya mwaka 2010, na kwa utata wa sarufi ipo *Diccionario panhispánico de dudas*, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2005.

Njia ya tatu ni matumizi halisi. Kongoo za akademia hiyo, CREA na CORPES, hukusanya matini za nchi mbalimbali na kuonyesha neno likiwa ndani ya sentensi zilizoandikwa na wenyeji. Anayesita kati ya visawe viwili akiona kimoja kinaambatana mara kwa mara na nomino anayoihitaji, na kingine hakionekani kabisa karibu nayo, amepata jibu ambalo kitomeo hakikuwa na nafasi ya kulitoa.

Programu za kutafsiri zimeharakisha hatua ya mwanzo, kwa kuwa hupokea sentensi nzima na si neno tupu. Lakini sentensi fupi ya Kiingereza isiyoonyesha kama *you* ni mmoja au wengi, mkubwa au rika, huilazimisha programu kukisia, nayo programu mara nyingi haimwambii mtumiaji kuwa imekisia. Hatua zilezile za kitabu hubaki kuwa kinga: aina ya neno, maana iliyotajwa wazi kwa Kiswahili, dokezo la kitomeo, sarufi ya kisawe, nchi na daraja la msomaji, na uhakiki kutoka upande wa pili. Zikifuatwa kwa mpangilio huo, maswali mengi huisha ndani ya dakika moja. Yanayobaki ni yale ambayo Kiingereza au Kihispania hakina kisawe chake, kama *sobremesa*, mazungumzo ya mezani baada ya watu kumaliza kula, au *estrenar*, kutumia kitu kipya kwa mara ya kwanza. Kwa hayo, kisawe sahihi ni sentensi ya maelezo, na mfasiri mwaminifu huiandika bila kuona haya.